Jogoo wa Elburgon na Madeni ya Wazungu

"Jogoo ni wetu."

Hayo maneno matatu ndiyo yaliyonistaafisha. Niliyaandika kwa Kiingereza, Jumamosi asubuhi, mdomo umejaa mandazi, nikabonyeza kutuma kabla ubongo haujaamka. Ujumbe ukavuka bahari ukamfikia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Marekani ambaye hakuwa amenikosea lolote isipokuwa kupigiwa makofi. Kufikia saa tisa mchana dada yangu Shiro alikuwa hana kazi, na mimi nilikuwa mstaafu mwenye miaka kumi na saba.

Basi nyinyi wa gredi ya kumi mnaokaa nyuma ya maktaba mkinong'onezana mtapata wapi pesa za intaneti, sogeeni. Babu yenu wa kidato cha nne ana maneno. Sina pensheni, sina saa ya ukutani ya kuagwa nayo, hata chai ya kuagwa sikupewa. Nina ushauri tu, na ushauri wa mstaafu ni kama ugali wa jana: haujaharibika, lakini lazima uupashe moto mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Najua. Msinitazame hivyo. Mwalimu wa dini alishanitazama hivyo, na yeye anajua kutazama kuliko nyinyi. Shiro alimaliza shahada ya uchumi, akazunguka na bahasha ya vyeti kutoka mtaani kwetu Kaptembwo mpaka Free Area, upande wa pili wa mji, akarudi, akazunguka tena, mpaka soli ya kiatu cha kulia ikasalimu amri. Mwishowe akafungua akaunti kwenye tovuti moja ambayo sitaitaja. Mteja akifurahi, anakupa nyota. Akinuna, nyota zinashuka. Akilalamika kwamba umemsumbua, akaunti inafungwa, na hakuna mlango wa kwenda kubisha. Miaka miwili Shiro alizipanda zile nyota moja moja kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Hiyo akaunti ndiyo iliyolipa kodi ya vyumba vyetu viwili na karo yangu. Mama anauza viazi karai kwenye kibanda hapa Kaptembwo, lakini mvua ikinyesha watu hawatoki kula viazi. Nyota za Shiro hazikujali mvua.

Kwa hivyo mkiniona nacheka katika habari hii, mjue nacheka nikiwa nimekalia majivu ya kitu nilichochoma mwenyewe.

Niliingia kazini kwa sababu ya wivu, na nikatoka kwa sababu ya wivu. Nikifika nyumbani kutoka shule, nilimkuta Shiro ameketi kitini, chai mkononi, Mama akiniambia, "Kevo, usimsumbue dada yako, anafanya kazi. Enda ulete maji." Kazi gani ya kukaa? Mimi nabeba mtungi wa lita ishirini, mtu mwingine anabeba kikombe. Nikamwambia Shiro anifundishe la sivyo nimwambie Mama kwamba nusu ya kazi hiyo ni kutazama video za paka. Akanifundisha.

Mteja wetu mkubwa tulimwita Haraka. Jina lake halisi hatukulijua. Tovuti ilimpa nambari, kama mfungwa. Kila ujumbe wake uliishia na neno hilo: nahitaji haraka, nijibuni haraka. Alikuwa akisomea uchumi, na profesa wake alikuwa na ugonjwa wa mada moja: deni la taifa. Wiki hii deni na riba. Wiki ijayo deni na wazee wanaostaafu. Wiki nyingine deni na vijana wasioweza kununua nyumba. Na swali la mwisho lilikuwa lile lile kila mara: je, nchi za Magharibi zina matumaini gani?

Insha yangu ya kwanza niliiandika kwa moyo wote. Shiro aliisoma akiwa ameshika paji la uso.

"Hii ni nini?"

"Utangulizi."

"'Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa.' Kevo, wahenga gani? Marekani kuna wahenga?"

"Kila mahali kuna wazee, siste."

"Wazee wako. Wahenga hawako. Toa. Na hapa chini umemwambia profesa Mungu ambariki anaposahihisha."

"Hiyo ni adabu."

"Hiyo ni Kaptembwo. Toa."

Hilo ndilo kosa la kila mmoja wetu, vijana wangu, na hakuna nchi nyingine linapopatikana. Tumefundishwa kwamba insha bila methali ni kama harusi bila pilau. Kumbe huko wanataka pilau bila harusi.

Shiro alikuwa mwalimu mkali kuliko wote niliowahi kukimbia. Alinifundisha kuvisha maneno nguo. "Usiseme nchi imefilisika," aliniambia. "Sema inakabiliwa na changamoto za kifedha za muda wa kati."

"Sasa hiyo si ndiyo kufilisika?"

"Ndiyo hiyo. Lakini imevaa tai."

Alinifundisha pia kupima makosa. Haraka alikuwa mwanafunzi wa alama za katikati, na mwanafunzi wa katikati akiamka siku moja na kazi ya mtu wa kwanza, profesa anashtuka. Kwa hivyo kila ukurasa unautilia makosa kidogo, kama chumvi. Koma moja imepotea hapa, wazo moja limerudiwa pale. Katika somo hili nilikuwa hodari ajabu. Makosa yalinijia bila kuitwa.

Haya, niwape bure nilichojifunza kuhusu madeni ya Wazungu, maana Haraka alilipia.

Wanadaiwa. Msidanganywe na picha. Wanadaiwa mpaka nambari zinakosa nafasi kwenye mstari. Riba inakula kwanza, kabla shule na hospitali hazijashika sahani. Wazee ni wengi na wanaishi sana. Watoto ni wachache. Deni la leo anaachiwa mtoto ambaye hajazaliwa, kisha wazazi wakiangalia hilo deni wanaona ni heri wasimzae. Nilipoandika sentensi hiyo Shiro aliniacha niitumie bila kuivisha tai.

Lakini sikilizeni mahali wivu ulinipata. Marekani inapokopa, inakopa kwa pesa inayochapisha yenyewe! Hebu wewe enda dukani kwa Mama Njoki, ukope paketi mbili za unga, halafu mwisho wa mwezi umlipe kwa noti uliyochora na kalamu ya rangi. Atakugonga na mizani. Sisi nchi yetu ikikopa nje, inalipa kwa pesa ya watu wengine, na shilingi ikiteleza, deni linanenepa tukiwa tumelala. Kule Ulaya kuna nchi zinazotumia sarafu moja ya pamoja, na hao hawawezi kuchapisha wanavyotaka. Ni kama chama cha akina mama, mmoja akikwama wenzake wanamkalia kikao na kumwambia apunguze mishahara na pensheni nyumbani kwake. Hao kidogo niliwahurumia. Kidogo. Halafu nikasoma kwamba katika mgogoro wao wa madeni watu waliandamana kwa sababu treni zimepunguzwa. Zimepunguzwa! Maana yake zilikuwepo nyingi. Nilisoma hayo nikiwa nimekalia mtungi mtupu, mfereji wetu umekauka tangu Jumanne.

"Shiro," nilisema, "mimi nataka kufilisika kama hawa."

"Ungefilisika vizuri sana wewe. Andika."

Siku moja Haraka alichelewa kutuma maswali, akaomba msamaha. Kumbe anafanya kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala ndiyo maana hana muda wa kuandika. Kumbe karo yake yote ni mkopo, na ataulipa mpaka mvi zimwote. Kumbe anaishi chumba kimoja na wenzake watatu, na mama yake, ambaye kazi ilimwishia, amerudi kukaa kwa nyanya. Mimi nilikuwa nimemwazia na gari la kufungua paa. Nikatafuta huruma moyoni, nikaipekua kila pembe. Nikakuta wivu umekalia kiti chake. Huyu mtu alikuwa amekopeshwa! Mtu fulani ofisini alimtazama usoni akasema, huyu atakuja kuwa kitu, mpeni. Mimi Mama Njoki haniamini hata na kiberiti.

Nadhani ndiyo maana niliandika ile harambee.

Shiro alikuwa ameitwa usaili mjini. Akaniachia ukurasa wa mwisho, wa mapendekezo, akasema niandike mambo mepesi kuhusu kodi na kubana matumizi, nitume, nisivumbue chochote. Nikakaa. Kodi nilishaiandika mara nne. Kubana matumizi mara sita. Nikamfikiria profesa mwenye ugonjwa wa deni na Haraka mwenye maboksi, nikajiuliza, kwani hawa watu hawana jamaa? Nikaandika kwamba nchi iitishe harambee. Kila raia aje na alicho nacho, majina yasomwe hadharani mmoja mmoja, na aliyeahidi asipotoa asomwe tena mwaka ujao. Nikaeleza na jogoo. Nilikuwa sifanyi mzaha. Mpaka leo naona ni pendekezo zuri kuliko yale ya mawaziri wengi wa fedha.

Jogoo mwenyewe alikuwepo kweli. Shiro alipoitwa chuo kikuu, Mama alirudi kwao Elburgon kuitisha harambee. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Watu waliketi katika uwanja wa kanisa juu ya mabaki ya mbao kutoka viwandani, wengine wananuka mwerezi na mafuta ya msumeno. Mjomba akaleta jogoo mwekundu akapigwa mnada. Mwenye lori akamnunua, halafu badala ya kumchukua akamrudisha auzwe tena. Mwalimu akamnunua, akamrudisha. Kwaya ya akina mama wakachanga, wakamnunua, wakamrudisha. Jogoo huyo aliuzwa mara saba na hakwenda popote. Jioni tulirudi naye Kaptembwo, na Mama akakataa katakata achinjwe. "Huyu amesoma chuo kikuu," alisema. Jogoo alikufa kwa uzee, akiwa na heshima zake. Na mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa namwonea wivu hata yeye. Kijiji kizima kilisimama kwa ajili ya Shiro na jogoo. Kwa ajili yangu hakuna aliyewahi kupiga mnada hata yai.

Wiki moja baadaye Shiro alifungua kompyuta akakuta ujumbe wa Haraka. Kazi imepata alama za juu darasani. Profesa anataka asimame mbele ya wenzake, dakika kumi, aeleze. Harambee ni nini? Jibuni haraka.

Shiro aligeuka polepole kama kamera ya benki.

"Umeandika harambee. Kwa karatasi ya Mzungu."

"Alama zimepanda!"

"Ndiyo shida hiyo! Nilikuambia za katikati! Sasa akiulizwa swali moja tu akwame, profesa atajua hakuandika, yeye atatulaumu sisi, na akaunti imeenda. Unaelewa? Imeenda, Kevo."

Hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza. Tukaona dawa ni moja: tutafute mtaalamu. Na mtaalamu wa harambee alikuwa kibandani, anageuza viazi kwenye mafuta. Mama alijua tu kwamba Shiro anasaidia wanafunzi wa ng'ambo, na yeye alielewa kwamba anawafundisha. Tukamwambia kuna mwanafunzi anataka kujua harambee. Akaweka kijiko cha matundu chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akasimama wima kama mgeni wa heshima. Shiro akarekodi kwa simu.

"Mwambie kwanza si kuomba," Mama alisema. "Kuomba unainama. Harambee unasimama. Unasoma jina la mtu mbele ya watu, na mtu akisomwa jina anakuwa mkubwa kuliko mfuko wake."

"Na jogoo, Mama?" niliuliza.

"Jogoo ni wa kuchekesha mfuko. Mfuko ukicheka, unafunguka." Mteja wa viazi akacheka, Mama akamnyooshea kidole. "Na umwambie hivi: hakuna mtu anasikia harambee mpaka mwisho halafu anaenda nyumbani hivi hivi. Hata mtoto hutoa shilingi. Wewe, boss, ulisema vya ngapi?"

Shiro alitafsiri kila neno, akatuma, akaongeza hata mahali pa kunyamaza ili watu wacheke. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Na sasa ninarudi kwenye ile Jumamosi na mandazi.

Shiro alikuwa ametangulia kibandani kumsaidia Mama. Ujumbe ukaingia. Haraka, kwa mara ya kwanza, hakuwa na haraka. Aliandika aya tatu. Walicheka aliposema mfuko ukicheka unafunguka. Jogoo walimpenda zaidi. Walisimama wakapiga makofi. Profesa alisema katika miaka yake ya kufundisha hajakutana na mawazo asilia kama yake.

Kama yake.

Nilisoma neno hilo nikang'ata andazi lingine. Mtu ana treni, ana mkopo, ana nchi inayochora pesa yake yenyewe, na sasa anataka na jogoo? Nikaandika yale maneno matatu. Nikaongeza: maneno yote ni ya mama yangu, mwambie profesa.

Akajibu mara moja. "Unataka nini?" Kisha, "Pesa ngapi?"

Na mimi, kwa akili zangu zote za kidato cha nne, nikamjibu, "Sitaki pesa. Nataka jogoo arudi."

Jisomeeni wenyewe hiyo sentensi kana kwamba mko ng'ambo, mna siri, na imetoka kwa mtu msiyemjua. Kijana wa watu alidhani ninatishia kumwanika. Akalalamika kwa wenye tovuti. Saa tisa akaunti ilikuwa imefungwa, nyota zote zimezimwa kama taa za stima.

Kuna watu huniambia nisijilaumu, kwamba siku hizi kuna mashine zinaandika insha kwa dakika moja, kwamba kazi zilikuwa zimeanza kupungua. Ni kweli. Miezi ya mwisho nusu ya kazi ya Shiro ilikuwa kukarabati insha za mashine ili zionekane zimeandikwa na mtu mwenye usingizi. Mashine ingetustaafisha sote. Lakini haikuwahi. Mimi ndiye niliyewahi, na msimruhusu mtu yeyote aichukue hiyo kutoka kwangu, hata kwa kunihurumia. Mashine ina sifa moja niliyoikosa: haioni wivu. Inaandika jogoo na kumsahau papo hapo.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kitaalamu. Ukiandika kitu kizuri kweli, kitu cha nyumbani kwenu, usikiuze bila jina lako. Utakiona kimesimama mbele ya watu na shati la mtu mwingine, na hutaweza kunyamaza, hata kama kunyamaza ndiko kunakolipa kodi ya nyumba. Mengine yote, koma na tai, mtajifunza.

Shiro aliporudi kutoka kibandani na kuyasoma yote hayo, hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alifunga kompyuta, akaifunga na leso, akaisukuma chini ya kitanda. Kisha akasema, "Twende. Utamwambia Mama wewe mwenyewe."

Kibandani hakukuwa na wateja. Mama alikuwa anamenya viazi, na Shiro akachukua kisu kingine akaketi kumenya. Nikasimulia yote: kwamba Shiro hakuwa akifundisha bali akiandika, kwamba maneno ya Mama kuhusu harambee yalisomwa na Mzungu kana kwamba ni ya huyo Mzungu, kwamba nilimwandikia, kwamba sasa kazi ya Shiro imeisha kwa sababu yangu. Ganda la kiazi lilishuka kutoka kisuni kwa Mama, refu, bila kukatika. Alimtazama Shiro. Akamsogezea kiti chake kile chenye mto, yeye akahamia kwenye kreti. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyo kijana walimsikiliza mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jogoo?"

"Jogoo ndiye walimpenda zaidi."

"Halafu wakafanya nini?"

"Wakasimama wakapiga makofi."

"Halafu?"

"Halafu wakaenda nyumbani."

Ganda likakatika. Mama akaweka kisu chini na kusema:

"Watu wazima wamesikia harambee mpaka mwisho, jogoo amepita mbele yao, na hakuna hata mmoja ametoa shilingi? Basi hao watu kweli wako na deni."